Kufika Ghuba ya Aperlai kwa mashua: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila majira ya joto ya Uturuki yakikaribia, maswali huwa yaleyale. Aperlai inafikika bila gari? Ni lazima nipande ile boti kubwa ya watalii yenye muziki? Naruhusiwa kuogelea juu ya mji uliozama, ule wa kisiwa cha jirani cha Kekova? Na mimi nisiyejua kuogelea, nibaki hotelini? Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa safari yenyewe, ili anayekwenda mara ya kwanza asipoteze siku.

Aperlai ni magofu ya mji mdogo wa Walikia, watu wa kale wa eneo hili, katika pwani ya kusini ya Uturuki, mkoa wa Antalya, kati ya Kaş na Demre. Yako ndani kabisa ya ghuba ndefu na nyembamba, nyuma ya rasi ya Sıçak. Barabara ya lami haifiki pale. Unakwenda kwa mashua, au kwa miguu ukifuata Njia ya Likia, ile njia ndefu ya wapenda kutembea iliyofunguliwa mwaka 1999. Kwa hiyo, wakati magofu mengine ya pwani hiyo yanashushiwa abiria na mabasi tangu asubuhi, hapa unaweza kukaa saa nzima usione mtu ila mbuzi.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Ghuba ya Aperlai imefungukia magharibi, na upepo wa kiangazi unatoka magharibi. Anayezunguka rasi baharini anaingia na upepo mgongoni na kutoka na upepo wa mbisho, mawimbi yakimpiga usoni. Lakini upande wa mashariki kuna hori lililotulia linalokaribia kuikata rasi, na kati ya hori hilo na ghuba imebaki shingo nyembamba tu ya nchi. Mashua inakushusha upande huu wa shingo, unatembea kama nusu saa, unatokea kwenye magofu. Huo ndio mlango wa uani wa Aperlai, na mwongozo huu unakupitisha humo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Pasipoti na viza. Masharti ya Uturuki hutofautiana kwa kila pasipoti, na kuna nchi ambazo raia wake hupata viza ya mtandaoni kwa sharti tu la kuwa na viza ya nchi nyingine. Angalia tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki kwa pasipoti yako wewe. Usiongozwe na ya jirani, na jihadhari na tovuti zinazojifanya rasmi kisha zinakutoza mara mbili.

Tiketi ya ndege. Toka Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe au Kigali utapitia Istanbul, kisha ndege ya ndani mpaka Antalya au Dalaman. Walioko Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya hupata ndege za moja kwa moja mpaka Antalya wakati wa kiangazi. Kaş iko kati ya viwanja hivyo viwili, na Dalaman ni karibu kidogo. Vyote viwili vinafaa, chukua chenye nauli nafuu.

Msimu unaofaa. Mei, Juni, Septemba na Oktoba. Julai na Agosti jua linachoma, jotoridi hupita 30 kwa urahisi, na njia ya miguu haina kivuli cha kutegemea. Kuanzia Novemba dhoruba za majira ya baridi huanza na wenye vyombo wengi huacha kufanya kazi ya watalii. Kwa mtu wa Bahari ya Hindi nina neno la ziada: maji ya Mei yana baridi, kama nyuzi 20 au 21. Ukitaka kuogelea kwa raha nenda Septemba, bahari ikiwa bado ina joto la kiangazi chote.

Vitu vya kubeba:

- maji ya kunywa, lita mbili kwa kila mtu. Hili nitalirudia huko chini kwa sababu ndilo linalowatesa watu;
- viatu vya kufunika vidole vyenye soli ngumu, kwa ajili ya njia ya mawe na vichaka vya miiba;
- viatu vya mpira vya kuingilia majini;
- kofia, mafuta ya kujikinga na jua, na nguo nyepesi ya mikono mirefu;
- miwani ya kuogelea au barakoa ya kutazamia chini ya maji;
- fedha taslimu za lira, ulizotoa Kaş au Demre kabla hujashuka pwani;
- mfuko usioingiza maji wa kuwekea simu na pasipoti;
- chakula chepesi: mkate, jibini, zeituni, matunda;
- dawa ya kichefuchefu cha bahari kama unajijua;
- siki kidogo na kibano cha kutolea miiba. Utaona kwa nini.

Usichohitaji ni ratiba ya kupwa na kujaa. Anayetoka Mombasa, Lamu au Unguja kazoea kupanga safari kwa bamvua na maji mafu. Mediterania haina hesabu hiyo; maji hupanda na kushuka kidogo sana hata usitambue. Hesabu ya huko ni ya upepo peke yake.

Hatua

1. Lala Üçağız usiku mmoja kabla.

Üçağız ni kijiji cha wavuvi kilichokaa juu ya mji wa kale wa Teimiussa, na majeneza ya mawe ya Walikia yamesimama pembeni kabisa mwa maji. Kuna nyumba za wageni ndogo zinazoendeshwa na familia. Unaweza pia kuanzia Kaş au bandari ya Çayağzı huko Demre, lakini boti za huko zinatumia muda mwingi njiani, zinafika eneo la Kekova mchana pamoja na wenzao wote, na kwa kawaida haziendi Aperlai kabisa. Ukilala Üçağız, saa moja asubuhi uko majini.

Üçağız iko nje ya barabara kuu ya pwani, ile D400, na mabasi madogo yanayoshuka huko ni machache. Mwulize mwenye nyumba ya wageni siku moja kabla jinsi ya kufika. Mara nyingi atakupangia gari la kukuchukua njia panda.

2. Tafuta nahodha jioni ileile.

Tembea gatini jua linapozama, wenye mashua wakiwa wanarudi. Unachotafuta ni mashua ndogo ya injini, yenye kivuli na ngazi ya kushukia majini, ya watu wanne hadi wanane. Ile ya mbao kubwa yenye vitanda vya kuanikia jua ni nzuri kwa sherehe. Hapa itakucheleweshea tu.

Boti za bei ya kichwa zina njia yake ya kila siku: mji uliozama, mapango, Kaleköy (kijiji chenye ngome), chakula, kurudi. Aperlai haimo. Kwa hiyo kodi mashua nzima. Kama uko peke yako, uliza kwenye nyumba ya wageni. Watembea kwa miguu wa Njia ya Likia hupenda kuchangia.

3. Patana kwa maneno ya wazi.

Hapa ndipo wageni wengi hukosea, si kwa kudhulumiwa, bali kwa kutosema. Taja haya manne kabla ya kupeana mkono:

- mahali: unataka kushushwa kwenye shingo ya nchi, upande wa hori, uende Aperlai kwa miguu. Onyesha kwenye ramani. Ukisema "Kekova" tu, utapelekwa safari ya kawaida;
- kusubiri: nahodha akusubiri au arudi saa fulani? Na kusubiri kumo ndani ya bei?
- kituo cha pili na cha tatu, kama unataka pia mji uliozama na Kaleköy;
- bei ya chombo kizima, kwa lira, ilipwe ukirudi. Malipo kidogo ya kwanza ni sawa. Malipo yote kabla ya kuondoka, hapana.

Kuhusu saa: Uturuki na Afrika Mashariki zinatumia saa ileile mwaka mzima tangu 2016, kwa hiyo huna haja ya kugusa saa yako. Lakini ukipatana na nahodha andika tarakimu, 07:00, siyo "saa moja". Akisikia moja ataelewa saa ya mchana, nawe utasimama gatini peke yako.

Mwangalie pia chombo chake. Jaketi okozi zipo, na zinatosha watu wote? Kuna redio au simu inayoshika? Kama una mtoto, omba kuona jaketi la saizi ya mtoto kwa macho yako. Nahodha mzuri hakasiriki kwa maswali haya.

4. Ondoka saa moja asubuhi.

Asubuhi maji ya Kekova ni shwari kabisa. Kadiri nchi kavu inavyopata joto ndivyo upepo unavyoamka, alasiri unavuma kwa nguvu, jua likizama unatulia. Huo ni mwenendo wa siku nyingi za kiangazi. Kila saa unayochelewa unaikatia katika ubora wa safari yako.

Dawa ya kichefuchefu inywe nusu saa au zaidi kabla ya kupanda. Ukiinywa baada ya kuanza kuumwa, umechelewa.

5. Elekea magharibi, siyo kwenye mji uliozama.

Nahodha atapenda kuanza na mji uliozama kwa sababu ndiyo desturi. Mwombe kwa upole auache mpaka baadaye. Sababu ni mbili: unataka kutembea kabla ya jua kali, na kuta zilizo chini ya maji huonekana vizuri zaidi jua likiwa limepanda.

Safari inapita kati ya bara na kisiwa cha Kekova, kisiwa chembamba chenye urefu wa kama kilomita 7 kinachokinga maji haya yote dhidi ya bahari kuu. Kisha vilima vinasogeleana na unaingia horini. Kaa katikati ya mashua usiulalishe uzito upande mmoja, na waache watoto wakae karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, siyo omo, yaani mbele.

6. Shuka, kisha hakikisha makubaliano ya kurudi.

Kabla nahodha hajaondoka au hajatandika mkeka wake wa kupumzikia, onyesheni saa: tunarudi hapa 11:30, yaani saa tano na nusu asubuhi, au wakati wowote mliopatana. Hifadhi namba yake ya simu. Piga picha ya mahali uliposhukia ukiwa umeyapa maji mgongo, upate alama za njia ya kurudi.

7. Tembea kuvuka shingo.

Njia ina alama za rangi nyeupe na nyekundu zilizopakwa juu ya mawe. Ni alama za Njia ya Likia. Ardhi karibu ni tambarare, yenye mawe yaliyolegea, vichaka vya miiba na kuta za mashamba ya zamani. Ukitembea dakika kumi bila kuona alama, rudi mpaka uliyoiona mwisho. Usikate njia yako mwenyewe vichakani. Nyoka na nge wako hukohuko.

Tahadhari: watu wanafikiri nusu saa si kitu, wanaacha maji kwenye mashua. Aperlai haikuwa na mto wala chemchemi hata enzi zake. Wakazi wake waliishi kwa maji ya mvua waliyoyakusanya kwenye mabirika, na leo huwezi kutegemea kupata hata tone. Beba lita zako mbili.

8. Yatazame magofu kuanzia juu, umalizie majini.

Ukifika, hamu itakuvuta moja kwa moja ufukweni. Jizuie kidogo. Panda kwanza kwenye ukuta wa mji uliojengwa mlimani. Ni mawe makubwa yaliyochongwa, na kutoka pale unaiona ghuba yote na kuelewa mji ulivyokaa. Nje ya kuta yametapakaa majeneza ya mawe yenye vifuniko vizito vya mgongo mkali, desturi ya Walikia. Mengi yana tundu ubavuni. Ni kazi ya waibaji wa makaburi wa zamani.

Historia kwa kifupi, ili ujue unachotazama. Aperlai ilitengeneza sarafu zake za fedha karne kadhaa kabla ya Kristo. Baadaye iliungana na majirani zake, Simena, Isinda na Apollonia, wakawa na kura moja katika Muungano wa Likia, ushirika wa miji ya Walikia, na Aperlai ndiyo iliyokuwa mbele. Utajiri wake ulitoka kwa konokono wa baharini. Ndani ya mnyama huyo kuna tezi inayotoa rangi ya zambarau, ile waliyovaa wafalme na matajiri wa Kirumi. Rangi hiyo ilikuwa ghali kwa sababu inapatikana kwa tabu: mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alihitaji konokono 12,000 kupata gramu 1.4 tu. Sasa shuka mpaka karibu na maji ukatazame chini. Ile changarawe nyeupe yenye vipande vyenye ncha ni magamba ya konokono waliovunjwavunjwa, marundo kwa marundo. Umesimama juu ya taka za kiwanda.

Kwangu mimi hiki ndicho kinachoifanya Aperlai izidi magofu mengi yenye nguzo ndefu na majumba ya michezo. Hapa hakuishi mfalme. Waliishi watu wa kazi, walionuka konokono mchana kutwa, na kazi yao bado iko chini ya miguu yako.

Kisha tazama majini. Ardhi ya pwani hii imedidimia kwa karne nyingi, pamoja na matetemeko yake, na sehemu ya chini ya mji imeingia baharini: misingi ya nyumba, mstari wa gati, na matangi waliyokuwa wakiwaweka konokono wakiwa hai. Vingi viko kwenye kina cha kiuno au kifua.

9. Ogelea, lakini kwa adabu ya mahali.

Mwulize nahodha tangu asubuhi ni sehemu gani inaruhusiwa, kwa sababu kanuni za maeneo ya kale hubadilishwa. Ukiruhusiwa, ogelea juu juu kwa barakoa. Usisimame juu ya kuta, usiguse mawe yaliyopangwa, usifukue mchanga. Kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa kwenye magofu ni jambo lenye sheria kali Uturuki. Usilijaribu kwa kificho.

Asiyejua kuogelea hakosi kitu kikubwa. Maji yakitulia, kuta zinaonekana ukiwa umesimama ufukweni, na ukivaa jaketi okozi unaweza kuinamisha uso majini palepale penye kina cha kiuno.

Kwenye miamba kuna wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu. Ndiyo sababu ya viatu vya mpira, siki na kibano. Na kama wewe ni mzoefu wa samaki wa pwani yetu, utashangaa kuwaona tasi wakila mwani kama wako Wasini. Ni kweli ni ndugu zao. Waliingia Mediterania kupitia Mfereji wa Suez. Bunju, samaki yule mwenye sumu, naye alipitia njia hiyohiyo, akaanza kuonekana Uturuki mwaka 2003, na sasa amejaa pwani hii ya kusini. Kwa hiyo usivue na kuchoma samaki usiyemjua. Sumu ya bunju haiondoki kwa moto.

10. Rudi kwa wakati, kisha endelea na mji uliozama.

Anza kurudi saa tano kasorobo kama mmepatana saa tano na nusu. Mkishapanda, sasa ndipo mwombe nahodha akupitishe ubavuni mwa kaskazini wa kisiwa cha Kekova. Pale nusu ya mji imo majini: ngazi zinazoshuka na kupotelea baharini, kuta za nyumba zilizokatwa kwenye mwamba, vipande vya mitungi.

Jibu la lile swali la kila mtu ni hili: hapana, huruhusiwi kuogelea hapo. Kuogelea, kupiga mbizi na kutia nanga kwenye pwani ya mji uliozama vimekatazwa, na eneo lote la Kekova limehifadhiwa kisheria tangu 1990. Mashua inapita taratibu, wewe unatazama. Nahodha akijitolea kukushusha majini "dakika mbili tu", kataa. Faini itakuhusu wewe pia, na kuta hizo hazijengeki upya. Ukitaka kuogelea tena, atakupeleka kwenye vihori vya jirani vinavyoruhusiwa. Huko utaona wanavyofunga chombo: nanga inashushwa upande wa omo na kamba ya tezi inafungwa kwenye mwamba nchi kavu, kwa kuwa kina kinaporomoka ghafla karibu na ufuko. Usiruke majini kabla kamba haijakazwa na injini haijazimwa.

11. Malizia Kaleköy.

Hiyo ndiyo Simena ya kale. Nayo haifikiki kwa gari. Panda ngazi za kijiji mpaka ngomeni. Kiingilio hulipwa mlangoni. Ndani kuna jumba dogo la maonyesho lililochongwa mwambani, safu saba tu, watu wapatao 300. Chini, jeneza la jiwe limesimama peke yake katikati ya maji, na kila mtu hulipiga picha. Usilipande. Kula aiskrimu ya kijijini, imepata sifa kwa haki, kisha rudi Üçağız kabla upepo haujafikia kilele chake.

Makosa yanayojirudia

Kuokota kumbukumbu. Kipande cha chungu, jiwe lenye nakshi, sarafu iliyooshwa na mvua: acha palipo. Sheria namba 2863 ya mwaka 1983 inalinda mali za kale zote za Uturuki, hukumu yake inafika kifungo, na mizigo hukaguliwa uwanja wa ndege. Hata yale magamba ya konokono ni sehemu ya magofu. Hili ni la kukazia kwa wenye watoto, maana mifuko ya watoto hujaa bila wazazi kujua.

Kupanga ndege ya jioni siku ileile. Upepo ukikataa, hupandi ndege. Weka siku moja ya akiba.

Kutaka kuona kila kitu. Aperlai, mji uliozama na Kaleköy vinajaza siku. Ukiongeza mapango, ghuba ya Gökkaya na kanisa la Mtakatifu Nikolasi huko Demre, utakuwa umepita kila mahali bila kukaa popote. Demre ipewe siku yake. Ndiyo Myra ya kale, na ina mengi.

Kukodi kayaki bila mzoefu. Kupiga kasia kutoka Üçağız asubuhi ni raha kubwa na watu wengi hufanya hivyo, lakini kurudi alasiri upepo ukiwa umeamka kunawashinda hata wenye mikono ya nguvu. Nenda na kiongozi.

Mambo yakienda kombo

*Nahodha anasema leo hatuendi.* Mwamini. Asubuhi inaweza kuonekana shwari gatini huku yeye ameshatazama utabiri wa upepo wa saa nne. Usiende kutafuta nahodha mwingine atakayekubali. Huyo wa pili ndiye wa kuogopa. Tumia siku hiyo kuyatembelea majeneza ya mawe ya Teimiussa, pembeni mwa kijiji, au nenda Kaleköy kwa njia ya miguu.

*Upepo umeamka ukiwa bado magofuni.* Usiharakishe kwa kukimbia kwenye mawe. Hori ulikoacha mashua limekingwa, na chombo kiko salama kuliko ghuba unayoiona mbele yako ikichafuka. Ndiyo faida ya mlango wa uani. Rudi kwa mwendo wa kawaida, vaa jaketi okozi, kaa chini, na mwache nahodha achague njia ya kujikinga na vilima hata kama ni ndefu.

*Nahodha hayupo saa ya makubaliano.* Subiri nusu saa kivulini, karibu na uliposhukia. Piga simu. Mtandao ukikosekana, panda juu kidogo kutoka ufukweni, mara nyingi unashika. Usianze kutembea kwenda Üçağız mchana wa jua. Ni mbali na maji huna. Kwa dharura ya kweli namba ni 112, na ukieleza kuwa uko baharini au ufukweni pasipofika gari, watawaarifu walinzi wa pwani.

*Miiba ya wale viumbe weusi wa miambani imeingia mguuni.* Toa iliyojitokeza kwa kibano, ukiivuta ilivyoingia. Usiikamue. Loweka mguu kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kustahimili, kisha paka siki kulainisha vipande vilivyobaki. Kama mwiba uko karibu na kiungo, au mguu unavimba na kuwa mwekundu kesho yake, nenda kwa daktari Kaş au Demre.

*Mtu ameshikwa na kichefuchefu.* Akae karibu na tezi, atazame mstari wa mbali wa nchi kavu, asiangalie simu, apate hewa na maji kidogo kidogo. Mwambie nahodha apunguze mwendo. Kichefuchefu kikizidi, mkomee Kaleköy, ashuke, apumzike saa moja.

*Kizunguzungu na kichwa kuuma baada ya kutembea.* Ni jua. Kivuli, maji, nguo iliyoloweshwa shingoni na kichwani. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akaacha kutoka jasho, hiyo ni dharura, piga 112.

*Bei imebadilika mlipofika gatini.* Rudia kwa utulivu mlichopatana, ukionyesha ulipoandika. Kama uliongeza kituo au ulimchelewesha, ongezeko ni haki yake, mlipe. Kama hukuongeza kitu, toa kiasi mlichokubaliana mbele ya mwenye nyumba ya wageni aliyekutambulisha. Kijiji ni kidogo, na jina zuri la nahodha lina thamani kwake kuliko hiyo nyongeza.